Kushuka Hadi Sakafuni

Maji yalirudi gotini mwangu kwa mara ya nne siku ya Jumatatu, kabla ya adhuhuri, nikiwa nimeketi nikisahihisha insha za wanafunzi. Hayakuja na maumivu. Yalikuja kama ujazo: ngozi ya goti la kushoto ilianza kuvutika, kifuniko cha goti kikapoteza kingo zake, na nilipobonyeza kwa kidole upande mmoja, upande wa pili uliinuka taratibu, kama kiriba kilichojazwa nusu. Niliweka kalamu chini. Nilikitazama kiungo hicho kwa muda mrefu, nusu kwa hofu na nusu kwa heshima, jinsi mtu amtazamavyo mgeni anayeingia nyumbani bila kubisha hodi.

Ilikuwa imetimia miaka miwili tangu nipasuliwe. Kisa chenyewe hakina fahari yoyote. Nilikuwa nikipita juu ya ukingo wa tuta katika shamba la mama yangu kule Matinyani, nje kidogo ya mji wa Kitui ninakoishi, mguu wa kushoto ukazama katika mtaro uliochimbwa kuzuia maji ya mvua, na papo hapo nikageuka kumjibu mtu aliyeniita nyuma. Mwili uligeuka, mguu haukugeuka. Ndani ya goti kilichanika kipande cha gegedu, yaani ule mto mgumu ulio kati ya mfupa wa paja na mfupa wa muundi ili mifupa hiyo isisagane. Daktari mpasuaji aliingiza kamera nyembamba kupitia tundu dogo, na kupitia tundu la pili akakata kilichochanika na kulainisha kingo zilizobaki.

Siku ya pili alinionyesha picha zilizopigwa humo ndani. Sikuwa nimejiandaa kwa uzuri ule. Nilitarajia damu na nyama, mambo ya buchani. Nikaona nchi nyeupe, tulivu, yenye kung’aa, kama ukuta wa ndani wa dafu changa. Mviringo mmoja wa mfupa umeinama juu ya mwingine, na baina yao utando wa maji usiofikia unene wa karatasi. Kwa miaka hamsini na sita nilikuwa nimetembea, nimepanda ngazi, nimesimama saa nzima mbele ya madarasa juu ya kitu kile, bila kukiona wala kukiwazia. Daktari alikuwa akieleza kwa kalamu mahali alipokata. Mimi nilishindwa kusikia, kwa maana nilikuwa bado nashangaa kwamba kitu kizuri namna ile kilikuwa kimewekwa gizani, mahali ambapo hakuna jicho lililokusudiwa kukitazama.

Maji yaliporudi kwa mara ya nne nilimwendea daktari yuleyule. Alilikunja goti, akalinyoosha, akalisikiliza kwa kiganja. Alipolikunja zaidi, goti lilikwama kidogo kabla ya kuachia, na wote wawili tulihisi.

“Nitakupa miezi mitatu,” alisema. “Likiendelea kujaa na kukwama, itabidi tulifungue tena. Lakini nikwambie ukweli, Mwalimu. Nitakachotoa safari hii sitaweza kukirudisha. Baada ya hapo habari ya kupiga magoti, sahau.”

Kwa mtu mwingine huenda hilo lingekuwa jambo dogo. Kwangu halikuwa. Baba yangu alitoka katika ukoo wa pwani uliofika Kitui kwa biashara ya vitambaa. Mama ni Mkamba wa Matinyani, aliyesilimu alipoolewa. Nililelewa chuoni, kwenye Kurani, kabla sijapelekwa shuleni. Kabla ya kujua kuandika jina langu nilikuwa nimefundishwa viungo saba ambavyo sajda husimama juu yake: paji la uso, viganja viwili, magoti mawili, na ncha za miguu miwili. Tulikuwa tukivihesabu kwa kuvigusa, kwa sauti moja, watoto ishirini kwenye jamvi. Tangu nipasuliwe, nilikuwa nikiswali juu ya kiti. Sheria inamruhusu asiyeweza. Katika hilo hakuna shaka, nami nimelifundisha kwa wengine. Shaka yangu ilikuwa katika neno lenyewe, kuweza. Kila nilipoketi kwenye kile kiti cha plastiki katika safu ya mwisho, nilijiuliza kama kweli siwezi au ninaogopa. Hayo ni mambo mawili, na ruhusa imetolewa kwa moja tu. Na sasa nilikuwa nimepewa miezi mitatu ya kujua, kabla jibu halijakatwa kwa kisu.

Mama hakuwa na shaka yoyote. Nilipomzuru nikaswalisha alasiri nikiwa nimeketi, naye amesimama nyuma yangu kwenye mkeka wake, alingoja nimalize salamu, kisha akasema, “Unaswali kama karani wa chifu. Nilidhani utaniuliza kitambulisho.”

Nilichofanya ndicho ambacho mtu wa kazi yangu angefanya. Nilikuwa tayari nina daftari. Kwa miezi saba, kila asubuhi baada ya alfajiri, nilikuwa nimelipima goti kwa utepe wa fundi cherehani, juu ya mfupa wa kifuniko, katikati yake, na chini yake, nikiandika vipimo vitatu katika safu tatu. Katika safu ya nne niliandika nilichofanya siku iliyotangulia: nimetembea hadi sokoni, nimesimama darasani vipindi viwili, nimekaa. Kutokana na daftari hilo nilikuwa nimetoa kanuni. Goti hujaa baada ya kutembea. Kwa hiyo nilipunguza kutembea. Likajaa tena, safari hii baada ya matembezi mafupi zaidi, nami nikaona kanuni imethibitika, nikapunguza tena. Nilikuwa nimefika mahali pa kupelekwa msikitini kwa gari, mwendo wa dakika sita kwa miguu. Niliona fahari ya kimyakimya kwa usahihi wa kazi ile.

Dada yangu, ambaye mume wake anafanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo kule Kiboko, ndiye aliyenishauri niende kwa tabibu wa viungo aliyefungua chumba karibu na barabara kuu. “Anatibu madereva wa malori,” alisema, kana kwamba hiyo ndiyo shahada ya juu kabisa. Shemeji alikuja kunichukua. Nililala kwenye kiti cha nyuma nikiwa nimenyoosha mguu, tukashuka Makueni kupitia njia ya Kibwezi, nami nikaziona nchi zile kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kuziona, yaani nikiwa chali: vilele vya mibuyu, nyaya, na anga pana isiyo na doa.

Kwenye benchi la nje nilimkuta mwanamume mnene aliyevaa kandambili, mguu wake mmoja umefungwa bendeji.

“Mzee, goti?” aliniuliza.

“Goti.”

“La klachi ama la breki?”

Sikuelewa. “La kushoto,” nikamjibu.

“La klachi, basi. Pole sana. Langu ni la breki. La breki ni afadhali, mtu unaweza kukosa kusimama lakini huwezi kukosa kuingiza gia.”

“Ndiyo maana uligonga mbuzi wa watu Mtito Andei,” alisema mwanamke aliyeketi upande wa pili akisuka kiondo, ambaye baadaye nilitambua kuwa ni mke wake.

“Yule mbuzi alijigonga.”

“Na ukalipa wewe.”

Tabibu mwenyewe alikuwa binti wa miaka kama thelathini, mwenye mikono mikubwa na sauti ya mtu aliyezoea kuongoza kwaya kanisani. Nilimkabidhi daftari kabla hata sijaketi. Alilisoma. Nasema alilisoma, si kulipitia. Aligeuza kurasa moja baada ya nyingine, kidole chake kikishuka safu kwa safu, na kwa muda nilihisi ile raha ya mwandishi aliyepata msomaji.

“Mwalimu,” alisema alipofika mwisho, “hii ni kazi safi sana. Hata hospitalini hatuandiki hivi.”

“Asante.”

“Sasa, paja liko wapi?”

“Paja gani?”

“Lako.”

Alichukua utepe wangu mwenyewe kutoka mfukoni mwangu, akapima paja la kulia, akaweka alama kwa ukucha. Akapima la kushoto mahali palepale. Kisha akanionyesha utepe. Tofauti ilikuwa upana wa vidole viwili vyangu. Nilitazama mapaja yangu, yakiwa yamelala sambamba kwenye kitanda cha mbao, na kwa mara ya kwanza nikaona kile ambacho mtu yeyote angeona kutoka mlangoni: moja lilikuwa paja la mwanamume, na jingine lilikuwa limenyauka.

“Goti halina nguvu yake lenyewe,” alisema. “Linashikwa na nyama ya hapa juu. Wewe umelihurumia goti mpaka paja limelala usingizi. Sasa kila ukitembea, hata kidogo, mfupa unabeba peke yake, na goti linalia. Unaona machozi yake, unalihurumia tena.”

Kanuni yangu ilikuwa imethibitika kila wiki kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nikiitengeneza kila wiki. Nimewahi kuwasahihisha wanafunzi wa shahada ya juu kwa kosa hilohilo, kwa wino mwekundu, bila huruma. Nilikuwa nimepima kwa uaminifu kamili, hadi sehemu za milimita, kitu kimoja kando ya kile kilichopaswa kupimwa.

Alinipa mazoezi manne. Kuweka taulo lililokunjwa chini ya goti na kulibonyeza, nikihesabu hadi kumi. Kuunyanyua mguu ukiwa umenyooka. Kuketi na kusimama kwenye kiti kirefu bila kutumia mikono. Kutembea kila siku, kidogo, kisha kidogo zaidi, wala si mara moja kwa wiki kama ibada ya toba. Kwa uzito wa kufunga kwenye kifundo cha mguu, aliniambia nishone mfuko wa kitambaa nitie pojo. “Anza na nusu kilo. Ikizidi kuwa rahisi, ongeza. Ikishindikana kabisa, pika.” Na maji yakirudi, maana alisema yatarudi, nisikimbilie kitanda: kitambaa cha maji baridi, mguu juu ya mto, siku mbili za kupunguza bila kuacha, halafu niendelee.

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuishi. Asubuhi nililala chali sebuleni nikiwa nimefungwa pojo mguuni, nikihesabu kwa Kiarabu kwa sababu katika Kiswahili nilikuwa nikiruka namba. Katika wiki ya tatu maji yalirudi, nikayatendea kama nilivyoagizwa, yakaondoka kwa siku nne badala ya kumi na mbili. Katika wiki ya tano niliona, nikiunyanyua mguu, mstari mwembamba ukijitokeza kando ya paja, ukazama, ukajitokeza tena. Nilimwita mke wangu aje aone. Alikuja na mwiko mkononi, akatazama, akasema ni msuli, kila mtu anao. Lakini mimi nilikuwa nimeuona ukirudi kutoka mahali pasipojulikana, na sikuweza kuuona kuwa jambo la kila mtu.

Hata hivyo, kushuka sakafuni kulinishinda. Naweza kueleza kwa usahihi mahali pa kushindwa. Niliweza kujishusha nikishika ukingo wa meza. Niliweza hata kukaa na goti juu ya mto kwa pumzi tatu. Lakini nilipojaribu kuinuka, goti la kushoto lilikwama, mwiba ukapita ndani yake, nami nikabaki nikining’inia kwenye meza kama shati. Tabibu alinitazama nikijaribu mbele yake, akakuna kichwa. “Kushuka si shida,” alisema. “Kuinuka ndiyo shida. Unainuka wima mno. Inamisha kifua.” Nilidhani ninainamisha. Aliniambia tena, kwa maneno mengine, nami nikamwelewa kikamilifu na nisiweze kufanya. Ilikuwa imebaki wiki nne.

Jumamosi moja nilikwenda Matinyani. Mama ana tangi la maji ya mvua nyuma ya nyumba na bomba la kulipia hatua mia mbili kutoka langoni, lakini maji ya chai anayachota mtoni. Anadai chai ya maji ya bomba ina ladha ya ufunguo. Mto wenyewe ni mchanga mtupu sehemu kubwa ya mwaka. Nilimfuata polepole, asubuhi, jua likiwa bado halijakaza, yeye akiwa na dumu la lita kumi na ule ukanda mpana wa kusuka ambao Wakamba huuita mukwa, ambao mwanamke huuzungusha kwenye mzigo na kuupitisha juu ya paji la uso ili mgongo na shingo vibebe pamoja.

Alipofika kwenye shimo lake, lililozungushiwa matawi ya miiba, alipiga magoti mchangani bila kutafuta pa kushika. Anakaribia miaka themanini. Alichota kwa kibuyu kilichokatwa, akangoja, akachota. Nilichungulia. Chini ya shimo, mchanga ulikuwa ukilowa, kisha ukang’aa, kisha maji yakasimama juu yake, safi, bila sauti. Kuzunguka kwetu kulikuwa na ukame wa miezi mitano, vumbi, na mto usio na hata tone moja la kuonekana, na hapa chini ya magoti ya mama yangu maji yalikuwa yakipanda kwa kasi yao wenyewe, kama yalivyokuwa yakipanda kabla ya kuzaliwa kwangu. Nilitaka kukaa chini nitazame vizuri. Nikaanza kujishusha, nikishikilia tawi.

“Baba,” alisema mama. Mimi ni mwanawe wa pili, niliyepewa jina la baba yake, kwa hiyo huniita baba na kunikemea kama mtoto. “Unashuka kama mtu anayeogopa kuchafua suruali.”

“Naogopa goti, Mwaitu.” Hivyo ndivyo Wakamba tumwitavyo mama.

“Goti ni lako. Suruali pia ni yako.”

Dumu lilipojaa aliliegemeza kwenye ukingo wa shimo, akaligeuzia mgongo, akaketi, akazungusha mukwa, akaupandisha kichwani. Nilikuwa nimeliona tendo hilo maelfu ya mara. Nilikuwa nimelala usingizi mgongoni mwa tendo hilo. Sasa, kwa kuwa kwa miezi miwili sikuwa nimewaza lolote isipokuwa namna ya kuinuka, nililiona. Aligeuka akapiga goti moja. Mguu mwingine aliuweka mbele, unyayo wote chini. Mzigo ulimvuta nyuma, na ili usimwangushe aliinamisha kifua mbele, mbali, mbali kuliko nilivyodhani inafaa, mpaka pua yake ikapita vidole vya mguu. Hapo alitulia kwa pumzi moja. Kisha makalio yakapanda kwanza. Si kichwa, si mabega, si goti. Kiuno ndicho kilichonyanyuka, na goti la nyuma likaacha mchanga bila kazi yoyote, kama mtu anayeondoka mkutanoni bila kuvuta kiti. Halafu, mwisho kabisa, mgongo ukafuata. Alikuwa amesimama na lita kumi za maji.

“Rudia,” nilisema.

“Nirudie nini?”

“Hivyo ulivyoinuka. Keti tena, Mwaitu, tafadhali.”

“Mimi ni redio?”

Lakini alirudia. Alirudia mara tatu, akicheka kila mara, nami nikiwa nimechuchumaa nusu, nikitazama kiuno cha mama yangu kwa makini ambayo nisingeweza kumweleza mtu. Kisha akavua mukwa, akamwaga maji nusu ya dumu, akaniambia nije.

Hapa ni lazima nieleze jambo. Mukwa ni wa wanawake. Mwanamume wa Kikamba atabeba gunia begani, atasukuma mkokoteni, atafunga madumu kwenye baiskeli. Ukanda huo hauweki kichwani. Hakuna sheria iliyoandikwa. Kuna kicheko tu, na kicheko chatosha. Nilitazama huku na huku. Mto ulikuwa mtupu. Niliketi mchangani kwa kujiangusha, mama akanivisha mukwa kwenye paji la uso, akaukaza, akanipiga begani.

“Goti bovu chini, mguu mzima mbele. Sasa lala.”

“Nilale?”

“Lala mbele. Kama unatafuta sindano.”

Mzigo ulinivuta nyuma kwa nguvu, na kwa sababu sikutaka kuanguka shimoni, nililala mbele. Mwili wangu haukusubiri kuelewa. Niliona vidole vyangu vya mguu wa kulia, nikaona mchanga ng’ambo yake, nikahisi uzito wote ukihama kutoka goti la kushoto kwenda unyayo wa kulia, kama maji yanavyohama sufuria ikiinamishwa. Kiuno kikapanda. Goti likaacha mchanga. Halikukwama. Nilikuwa nimesimama, nimeinama, ukanda wa mama yangu kichwani, na ndani ya goti mlikuwa na kimya.

Ndipo niliposikia vicheko. Wanawake wawili walikuwa wakishuka mtoni na madumu yao.

“Yiii! Leo mwalimu ameolewa!” alisema mmoja.

“Ameolewa wapi?” mwenzake akauliza.

“Kwani mahari ililiwa lini na hatukuitwa?”

“Ameolewa na goti,” mama alijibu bila kuwatazama, akinikazia ukanda. “Tena, baba. Chini.”

Niliinuka mara saba siku hiyo mbele ya mashahidi. Wanawake wale waliketi wakasahau kuchota. Mara ya tano mmoja wao alinisahihisha kidevu.

Nilipomwonyesha tabibu kule Kiboko, nilitumia mfuko wa pojo na mshipi wa suruali mahali pa dumu na mukwa. Aliniangalia nikiinuka, akaniambia nirudie, akanishika kiunoni kwa mikono miwili kuhakikisha. Kisha akaketi kwenye kitanda cha wagonjwa.

“Nani amekufundisha?”

“Mama.”

“Nilikaa darasani miaka minne kufundishwa hii, kwa michoro,” alisema. “Na nyumbani kwetu kila siku nilikuwa naletewa maji hivi.” Kisha akanipa maelekezo ya mwisho: mto mdogo uwekwe kati ya paja na muundi wakati wa kikao ili goti lisijikunje lote, mikono itumike bila haya, na siku goti likijaa nirudi kitini bila kujilaumu, kwa kuwa siku hiyo siwezi kweli.

Miezi mitatu ilipotimia, daktari mpasuaji alilikunja goti, akalinyoosha, akalisikiliza kwa kiganja. Lilikwama kidogo mwishoni kabisa mwa kujikunja, akakunja uso, akajaribu tena, halikukwama. Alisema tuliache. Alisema pia kwamba gegedu nililobakiwa nalo halitaota, na kwamba baridi ya Julai, safari ndefu na uzembe vitaliamsha goti maisha yangu yote. Nimeyahakikisha yote matatu tangu siku hiyo.

Sajda ya kwanza sikutaka iwe msikitini. Nilikwenda Matinyani. Mama alitandika mikeka miwili sebuleni, wake nyuma, wangu mbele, akaenda jikoni akaniletea kiti. Nikamwambia akirudishe. Akakirudisha.

Niliswalisha alasiri. Nilisimama, nikarukuu, nikasimama tena, kisha nikashuka, mikono kwanza, goti la kulia, halafu la kushoto juu ya ukindu. Nilingoja ule mwiba. Haukuja. Nikaweka paji la uso chini.

Nilikuwa nimesahau jinsi ardhi ilivyo karibu. Miaka miwili nilikuwa nimeinamisha kichwa kuelekea hewani, na hewa haipokei kitu. Sasa niliusikia mkeka ukinishika usoni. Niliona, kwa jicho moja, mafundo ya ukindu yakipandana hadi ukingoni, makubwa kama magogo, na harufu ya vumbi na majani makavu ikaniingia kifuani. Nilihisi damu ikija kichwani. Nilihisi viungo vyote saba vikigusa, nikavihesabu bila kukusudia, na nilipofika kwenye goti la kushoto nililikuta mahali pake, likiwa limebeba fungu lake la uzito bila kunidai lolote. Nyuma yangu nilisikia magoti ya mama yakilia aliposhuka, kavu, kama kuni ndogo zikivunjwa. Sisi wawili tulikuwa chini, na nyumba ilikuwa kimya, na nilielewa kwa mwili mzima, kabla ya neno lolote kunijia, kwamba kushushwa namna ile ni ukarimu.

Niliinuka kwa kiuno. Nilishuka na kuinuka mara zote zilizobaki. Katika sajda ya mwisho nilibaki chini muda mrefu.

Nilipotoa salamu na kugeuka, mama alikuwa akinitazama, mkono mmoja gotini kwake.

“Mbona ulikawia hivyo?” aliuliza. “Nilidhani umelala.”

“Sikulala, Mwaitu.”

“Ulikuwa unafanya nini huko chini?”

Nilimwambia nilikuwa nikiangalia mkeka. Aliinama akaukagua, akapitisha kidole mahali palipoanza kufumuka, akasema kweli, ukindu umechakaa, na kwamba akipata nafasi wiki ijayo ataanza kunisukia mwingine, mpana kidogo, kwa kuwa sasa ninachukua nafasi kubwa.